Fábio Coentrão: Mtoto wa Mvuvi, Beki wa Kushambulia



Katika vijiji vyetu, jua likishapoa, vijana huenda kiwanjani kucheza mpira. Wengine wana mpira wa dukani, wengine wana mpira wa matambara. Waulize, "Wewe unacheza namba ngapi?" Wengi watakujibu, "Namba tisa," au "Namba kumi." Kila mtu anataka kufunga magoli. Ni wachache watakaosema, "Mimi ni beki." Wanaona kwamba beki ni mtu wa kubaki nyuma na kubutua tu.

Leo tutajifunza habari za mchezaji mmoja wa nchi ya Ureno. Huyu alipata jina kubwa baada ya kutolewa mbele na kurudishwa nyuma. Jina lake ni Fábio Coentrão. Jina la pili linasomwa kama "Kuentrau", na sauti ya mwisho inapitia puani.

Katika somo hili tutaona mambo matatu. Kwanza, beki anayeshambulia anafanya kazi gani. Pili, mtu huyu alipandaje mpaka juu. Tatu, alifanya nini mpira ulipokwisha. Jambo hilo la tatu linatuhusu sana sisi watu wa jembe na nyavu.

ALIKOTOKA

Ureno ni nchi ndogo ya Ulaya. Iko magharibi kabisa, kando ya Bahari ya Atlantiki. Wareno si wageni katika historia yetu. Vasco da Gama alipita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome kubwa ya Mombasa. Waliondoka, lakini baadhi ya maneno yao tunayo mpaka leo, kama vile meza, leso na bendera. Tangu zamani Wareno ni watu wa bahari. Miongoni mwao wamo mabaharia na wavuvi.

Kaskazini mwa nchi hiyo kuna mji unaoitwa Vila do Conde. Ndani ya mji huo kuna mtaa wa wavuvi, jina lake Caxinas. Linasomwa "Kashinash". Watu wa Caxinas wameishi kwa bahari tangu enzi za babu zao. Hata kanisa lao limejengwa kwa umbo la chombo cha baharini. Maji ya bahari ile ni ya baridi, na mawimbi yake ni makali. Wanaume hutoka na nyavu zao, na si wote wanaojaliwa kurudi. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria, wa Ziwa Tanganyika na wa pwani wanaelewa vizuri jambo hili.

Hapo ndipo alipozaliwa Fábio Coentrão, tarehe 11 Machi 1988. Baba yake alikuwa mvuvi. Mtoto alikua akisikia habari za upepo, mafuta ya boti na bei ya samaki. Lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa na kipaji. Akaanza kucheza katika klabu ya mji wao, Rio Ave. Akaingia timu ya wakubwa akiwa bado kijana mdogo.

Siku zile alikuwa winga, yaani mshambuliaji wa pembeni. Alikuwa na mbio, na alijua kupiga chenga. Watu walimpa jina la utani, "Figo wa Caxinas". Luís Figo alikuwa winga hodari wa Ureno, na mwaka 2001 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa dunia. Kwa hiyo jina hilo lilikuwa heshima kubwa kwa mtoto wa mvuvi. Lakini pia lilikuwa mzigo. Watu wakishakuita kwa jina la mkubwa, wanategemea ufanye makubwa.

MIAKA YA KUTANGATANGA

Mwaka 2007 Benfica ilimchukua. Benfica ni klabu kubwa ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Ndiyo klabu aliyoichezea Eusébio, mwana wa Msumbiji, mmoja wa wafungaji wakubwa wa zama zake.

Kijana alidhani amefika. Kumbe bado! Hakupata nafasi. Akapelekwa kwa mkopo Nacional, timu ya kisiwa cha Madeira. Kisha akapelekwa Zaragoza, katika nchi ya Hispania. Huko karibu hakucheza kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2009 akarudishwa kwa mkopo Rio Ave, kule kule alikoanzia.

Kwa mchezaji, kupelekwa kwa mkopo ni sawa na jembe la kuazimisha. Linalima shamba la jirani, lakini mwenyewe halisi yuko kwingine. Akiona halifai, halirudishi ndani. Wachezaji wengi hupotea katika hatua hiyo. Huyu hakupotea, kwa sababu msimu uliofuata alikutana na mwalimu aliyemwona kwa jicho jingine.

ALIPORUDISHWA NYUMA

Mwaka 2009 Benfica ilipata mwalimu mpya, Jorge Jesus. Coentrão akarudi Benfica. Lakini nafasi ya winga wa kushoto ilikuwa na mtu hodari, Ángel Di María kutoka Argentina. Sasa afanye nini? Akae benchi angoje?

Mwalimu akaona njia nyingine. Akaanza kumpanga beki wa kushoto. Hapa kwetu tunasema alitolewa namba kumi na moja akapelekwa namba tatu. Tunapotaja namba hapa tuna maana ya kazi ya mchezaji uwanjani, si namba iliyo mgongoni mwake.

Kijana mwingine angenuna. Angesema, "Mimi ni fundi wa chenga, leo naambiwa nikalinde?" Coentrão alikubali kujifunza kazi mpya. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

Na tazama matokeo yake. Katika msimu huo wa 2009/10 Benfica ilikuwa bingwa wa Ureno. Upande wa kushoto Di María alikuwa mbele, na Coentrão alikuwa nyuma yake. Adui akimfuata Di María, Coentrão anapita. Adui akimfuata Coentrão, Di María anabaki peke yake. Mlinzi mmoja hawezi kushika kambare wawili kwa mkono mmoja.

KAZI YA BEKI ANAYESHAMBULIA

Hebu tusimame kidogo tuielewe kazi hii, maana wengi wanaitazama lakini hawaioni.

Beki wa pembeni ana kazi ya kwanza, nayo ni kulinda. Anamzuia winga wa adui asipite. Anafunga njia ili mpira usipigwe mbele ya goli. Zamani beki wengi waliishia hapo.

Beki wa kushambulia ana kazi ya pili. Timu yake ikipata mpira, hakai nyuma. Anapanda kwa mbio kando ya mstari. Anampita hata winga wake mwenyewe. Akifika karibu na mwisho wa kiwanja anapiga mpira kuelekea mbele ya goli. Mpira huo unaitwa krosi. Mshambuliaji anaungoja aupige kichwa au mguu.

Ana kazi ya tatu pia, na hii ndiyo ngumu kuliko zote. Mpira ukipotea, lazima arudi. Tena arudi haraka, kwa sababu nyuma yake ameacha mlango wazi. Adui mwenye akili atapeleka mpira pale pale palipo wazi. Kwa hiyo beki anayepanda lazima ajue wakati wa kupanda na wakati wa kutulia. Wenzake nao lazima wajipange. Beki wa kushoto akipanda, kiungo mmoja anateremka kuziba pengo, na beki wa kulia anabaki. Wakipanda wote wawili kwa pamoja bila mpango, hiyo ni sawa na kijiji kizima kwenda mnadani na kuacha ng'ombe peke yao.

Kazi hii inataka pumzi. Kiwanja cha mashindano makubwa kwa kawaida kina urefu wa mita 105. Tuseme beki anapanda mita 80, halafu anarudi mita 80. Hizo ni mita 160. Akifanya hivyo mara 20 katika mchezo mmoja, atakuwa amekimbia mita 3,200. Hiyo ni zaidi ya kilomita tatu, na hapo hatujahesabu mbio nyingine.

Basi sasa tunaelewa kwa nini winga wa zamani anaweza kuwa beki mzuri wa aina hii. Krosi anaijua, chenga anazijua. Kinachobaki ni kujifunza kulinda na kukubali kukimbia mara mbili.

DUNIA YAMFAHAMU

Mwaka 2010 Kombe la Dunia lilichezwa Afrika Kusini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kombe hilo kuja Afrika. Coentrão alikuwa beki wa kushoto wa Ureno. Katika kundi lake Ureno ilitoka sare ya bila kwa bila na Ivory Coast. Ikaifunga Korea ya Kaskazini mabao 7 kwa 0. Ikatoka tena bila kwa bila na Brazili. Kisha ikatolewa na Hispania kwa bao 1 kwa 0. Hispania ndiyo iliyochukua Kombe mwaka huo. Hesabu mwenyewe: michezo minne, na lango la Ureno lilifungwa mara moja tu. Beki yule wa miezi michache alikuwamo katika michezo yote minne.

Novemba mwaka huo huo Benfica ilicheza na Lyon ya Ufaransa katika Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Benfica ilishinda mabao 4 kwa 3. Coentrão alifunga mawili. Beki anafunga mawili katika mchezo mmoja!

Mwezi wa Julai 2011 Real Madrid ya Hispania ikamnunua kwa euro milioni 30. Hapa tuelewane vizuri, maana watu wengi hukosea. Fedha hiyo haikuingia mfukoni mwa mchezaji. Ni malipo ambayo klabu moja huilipa klabu nyingine ili imwachie mchezaji wake. Mchezaji mwenyewe hupata mshahara, kwa mapatano mengine.

MADRID: MATAMU NA MACHUNGU

Real Madrid ni klabu yenye mastaa wengi. Mwalimu wake wakati ule alikuwa José Mourinho, Mreno mwenzake. Lakini nafasi ya beki wa kushoto ilikuwa na mwenyewe, Marcelo kutoka Brazili. Naye alikuwa beki wa kushambulia kweli kweli. Kwa miaka kadhaa wawili hawa waligombea nafasi moja.

Msimu wa 2011/12 Real Madrid ilikuwa bingwa wa Hispania. Ilipata pointi 100 na kufunga mabao 121. Kiangazi hicho Ureno ilifika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya. Ilitolewa na Hispania kwa mikwaju ya penalti.

Mchezo unaoonyesha vizuri kazi ya Coentrão ulichezwa Madrid tarehe 23 Aprili 2014. Ilikuwa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na adui alikuwa Bayern München ya Ujerumani. Bayern walikaa na mpira muda mrefu. Kisha Madrid wakaupata na kuondoka nao haraka. Cristiano Ronaldo akaupenyeza upande wa kushoto. Nani alikuwa anapita huko kwa mbio? Ni Coentrão, beki. Akapiga krosi ya chini mbele ya goli. Karim Benzema akaumalizia wavuni. Likawa bao pekee la siku hiyo.

Kwenye gazeti la matokeo huandikwa: "Benzema, 1." Jina la beki huwa halipo. Lakini bila mbio zile, bao lisingepatikana. Katika kazi nyingi za kijiji mambo ni hayo hayo. Anayeonekana ni yule anayekabidhi mavuno. Aliyepalilia juani hatajwi.

Fainali ilichezwa Lisbon tarehe 24 Mei 2014, katika uwanja wa Benfica, klabu yake ya zamani. Coentrão alianza mchezo. Madrid walikuwa nyuma kwa bao moja. Dakika ya 59 mwalimu akamtoa, akamwingiza Marcelo. Madrid wakasawazisha dakika za mwisho kabisa, na katika muda wa nyongeza wakaishinda Atlético mabao 4 kwa 1. Bao la tatu alilifunga Marcelo. Medali walipata wote wawili. Lakini tunaweza kukisia moyo wa mtu anayekaa benchi na kumwona mwenzake akifunga kutoka katika nafasi yake. Furaha na uchungu vilikaa kikao kimoja.

MWILI UNAPOKATAA

Mwezi uliofuata lilianza Kombe la Dunia nchini Brazili. Ureno ilifungwa na Ujerumani mabao 4 kwa 0, na Coentrão akaumia katika mchezo huo huo wa kwanza. Kombe likaishia hapo kwake.

Msimu wa 2015/16 alipelekwa Monaco kwa mkopo. Akaumia tena. Kwa sababu hiyo hakwenda kwenye Kombe la Mataifa ya Ulaya la mwaka 2016. Na mwaka huo ndio Ureno ilichukua kombe hilo kwa mara ya kwanza. Iliifunga Ufaransa bao 1 kwa 0, huko huko Ufaransa. Wenzake walishika kombe, yeye akiwa nje kwa maumivu.

Alicheza msimu mmoja Sporting ya Lisbon, 2017/18, na wakachukua Kombe la Ligi. Kisha akarudi nyumbani Rio Ave. Msimu wake wa mwisho ulikuwa 2020/21. Rio Ave ilishuka daraja, na yeye akamaliza mpira. Alikuwa ameichezea timu ya taifa mara 52 na kuifungia mabao 5. Umri wake ulikuwa miaka 33.

Miaka 33! Fikiria jambo hilo. Katika umri huo mkulima ndiyo kwanza ana nguvu. Nyumba ndiyo kwanza anajenga. Lakini mchezaji anaambiwa, "Asante, kazi imekwisha."

KURUDI BAHARINI

Sasa tufike kwenye jambo la tatu. Coentrão alifanya nini?

Alirudi baharini. Kabla hajaacha mpira alikwisha kununua boti la uvuvi. Alipomaliza, akaifanya kazi ya ukoo wake. Watu walishangaa sana. Mtu aliyeshika Kombe la Ulaya, leo amevaa nguo za mpira na kushika nyavu! Wengine hufikiri kwamba mtu wa namna hiyo amefilisika. Yeye mwenyewe alieleza hadharani kwamba anaipenda bahari tangu utoto, na kwamba uvuvi si aibu kama watu wanavyodhani. Ni kazi kama kazi nyingine.

Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Huyu alisana na kuvukuta pia.

Lakini tusidanganyane. Mvuvi mwenye boti lake na akiba yake si sawa na baharia anayengoja mgawo wa samaki. Coentrão anaweza kukaa nyumbani upepo ukiwa mbaya. Baharia maskini anatoka hata wingu likiwa jeusi, kwa sababu watoto wanataka kula. Kwa hiyo funzo si kwamba uvuvi ni rahisi. Funzo ni kwamba alinunua chombo cha kazi wakati bado ana mshahara. Hakungoja mpaka mwili ukatae. Akiba haiozi.

TUNAJIFUNZA NINI?

Mtu huyu alirudishwa nyuma mara mbili machoni pa watu. Mara ya kwanza alitolewa ushambuliaji akawa beki. Mara ya pili alitoka katika viwanja vikubwa akaingia botini. Mara zote mbili watu wangeweza kusema ameshuka. Lakini ile ya kwanza ndiyo iliyompa jina, na ile ya pili ndiyo inayompa kazi.

Vijana wetu wakituambia kwamba jembe na nyavu ni kazi za walioshindwa, tuwasimulie habari hizi. Na sisi wazazi tujiulize pia. Kijana anapocheza mpira vizuri, tunamwambia aache kazi zote? Au tunamwambia akimbie mbele kwa nguvu zote, na ajue pia njia ya kurudi?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini beki anayepanda ni lazima awe na mpango pamoja na wenzake?
2. Mwalimu Jorge Jesus aliona nini kwa Coentrão ambacho wengine hawakukiona?
3. Je, kijijini kwetu kuna kazi ambazo vijana wanazionea aibu? Ni zipi, na kwa nini?
4. Mtu asiye na mshahara mkubwa anaweza kupataje chombo chake cha kazi? Je, kikundi kinaweza kusaidia?

HESABU

1. Coentrão alizaliwa Machi 1988. Alipoingia Real Madrid Julai 2011 alikuwa na umri wa miaka mingapi?
2. Alicheza michezo 52 ya taifa na kufunga mabao 5. Kwa wastani alifunga bao moja katika kila michezo mingapi?
3. Beki akipanda mita 70 na kurudi mita 70, mara 15, atakuwa amekimbia mita ngapi?

MAANA YA MANENO

Kupanda: beki kwenda mbele kusaidia kushambulia.
Krosi: mpira unaopigwa kutoka pembeni kwenda mbele ya goli.
Kiungo: mchezaji wa katikati, anayeunganisha nyuma na mbele.
Msimu: muda wa mashindano ya ligi. Ulaya huanza mwaka mmoja na kuishia mwaka unaofuata.
Kusana: kufua chuma.
Kuvukuta: kupuliza moto wa mhunzi kwa mivukuto.

Majibu ya hesabu: 1. Miaka 23. 2. Karibu kila michezo 10. 3. Mita 2,100.